Runinga Mpya ya Kisasa: Inunuliwe Sasa au Ingoje?

Msimu wa ofa ukifika, maduka ya elektroniki kutoka Mtwapa hadi Malindi hupanga runinga kubwa karibu na mlango. Zinaonyesha maua, samaki wa rangi na miji ya mbali yenye taa nyingi. Mpita njia akisimama pale dakika mbili, runinga yake ya nyumbani huanza kuonekana kuukuu, hata kama jana usiku watu sita waliitazama bila lalamiko lolote.

Kwenye ubao wa bei kuna maneno mengi: 4K, QLED, OLED, HDR, 120Hz. Muuzaji huyasoma haraka haraka, na mnunuzi huona haya kuuliza maana yake. Ndivyo pesa zilizokusanywa mwaka mzima zinavyotoka mfukoni kwa jambo ambalo mwenye pesa hakulielewa. Somo hili linaeleza maneno hayo, kisha linatoa vipimo vinne ambavyo mkazi yeyote anaweza kuvifanya nyumbani kabla ya kuamua.

Mfano utakaotumika ni wa mama muuza samaki wa Mtwapa. Zamu yake ya chama imefika na amepokea shilingi 52,000. Ana runinga ya inchi 32 ambayo siku hizi ina giza upande mmoja, na baadhi ya vituo hukatika jioni. Dukani ameonyeshwa runinga ya 4K ya inchi 55 kwa shilingi 49,000. Mwanawe wa kwanza anaingia Gredi ya 10 katika shule ya bweni mwezi Januari. Bei zote katika mfano huu ni za kufanyia hesabu tu. Kila mkazi ataweka bei za duka lake.

Kulazimika na kupenda

Wakazi wengi wanakumbuka mwaka 2015, Kenya ilipozima matangazo ya analojia na kuhamia dijitali. Tarehe ya mwisho iliyowekwa kimataifa ilikuwa 17 Juni mwaka huo. Siku mitambo ya analojia ilipozimwa, aliyekuwa na antena ya zamani peke yake aliona chenga tupu. Mabadiliko yale yalikuwa ya lazima.

Hata hivyo, jambo moja lilisahaulika katika pilkapilka zile. Runinga yenyewe haikuhitaji kutupwa. Aliyeongeza king'amuzi aliendelea kutazama kwa runinga ile ile ya mgongo mkubwa. Wako waliouza runinga nzima kwa bei ya hasara, ilhali kilichokosekana kilikuwa kisanduku kidogo.

Mabadiliko ya sasa, ya kutoka LED ya kawaida kwenda 4K, QLED au OLED, ni ya hiari. Hakuna kituo cha bure kitakachopotea kwa mwenye runinga ya HD kwa sababu jirani amenunua 4K. Anayeambiwa dukani kwamba runinga yake “itazimwa” aombe aelezwe itazimwa na nani, na lini.

Pia si kila jipya hudumu. Kuanzia mwaka 2010 watengenezaji walinadi runinga za 3D, zile za kutazamwa kwa miwani maalumu. Kufikia 2017 kampuni kubwa zilikuwa zimeacha kuzitengeneza. Runinga za plazma nazo, zilizosifiwa sana wakati wake, hazitengenezwi tena. Waliozinunua kwa bei ya juu mwanzoni ndio waliolipia jaribio hilo.

Maneno ya ubao wa bei

Runinga nyingi zinazouzwa leo ni za LCD. Kioo cha LCD hakitoi mwanga wake; kina nukta ndogo zinazofunguka na kufunga kama vipazia, na taa zilizo nyuma ndizo zinazomulika. Nukta hizo huitwa pikseli.

LED ni LCD ile ile, isipokuwa taa za nyuma ni za LED. Ndiyo runinga ya kawaida katika nyumba nyingi.

QLED pia ni LCD yenye taa za LED. Imeongezewa utando wa chembe ndogo mno zinazosafisha rangi, ndiyo sababu nyekundu na kijani chake hukolea zaidi.

Mini-LED ni LCD yenye taa ndogo nyingi sana nyuma, zilizogawanywa kwa mafungu. Fungu moja likihitaji giza hufifia peke yake, na lingine hubaki na mwanga.

OLED ni jamii tofauti kabisa. Haina taa ya nyuma. Kila pikseli huwaka na kuzimika yenyewe, kwa hiyo weusi wake ni weusi kweli. Bei yake huwa juu. Mnunuzi awe macho hapa: QLED na OLED hutofautiana kwa herufi moja tu ya mwanzo, lakini ni vitu viwili, na mwenye haraka hulipia kimoja akidhani amepata kingine.

4K inahusu idadi ya pikseli, si aina ya kioo. Full HD ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani milioni 2 hivi. 4K ina 3840 kwa 2160, yaani milioni 8 na zaidi, mara nne ya Full HD. Runinga ya LED ya kawaida inaweza kuwa 4K, na ndiyo hasa inayouzwa kwa wingi.

HDR ni uwezo wa kuonyesha mwanga mkali na giza katika picha moja bila kupoteza undani wa sehemu zote mbili. Runinga nyingi za bei nafuu huandikwa HDR kwa sababu zinaweza kuipokea picha ya namna hiyo, lakini taa zao hazina nguvu ya kuionyesha inavyostahili. Neno liko kwenye boksi, tofauti haionekani sebuleni.

120Hz ni idadi ya mara ambazo kioo hubadilisha picha kwa sekunde. Runinga ya kawaida hufanya hivyo mara 50 au 60. Anayenufaika zaidi na 120Hz ni mchezaji wa gemu mwenye mashine mpya. Mtazamaji wa taarifa ya habari hataiona.

Kipimo cha kwanza: umbali wa kiti

Kipimo hiki kinahitaji utepe wa fundi cherehani au kamba yenye alama za mita. Mtu hukaa mahali pake pa kawaida, kisha hupimwa umbali kutoka macho yake hadi kwenye kioo.

Jicho lenye afya lina kikomo. Nukta mbili zilizokaribiana zikiwa mbali, huonekana kama moja. Kwa hiyo kuna umbali ambao ukipitwa, jicho haliwezi tena kutofautisha Full HD na 4K. Makadirio yake ni haya:

- Runinga ya inchi 32: mita 1.3
- Runinga ya inchi 43: mita 1.7
- Runinga ya inchi 55: mita 2.2
- Runinga ya inchi 65: mita 2.6

Anayekaa mbali kuliko umbali ulioandikwa hapo atalipia pikseli ambazo macho yake hayazioni. Kanuni ya kukumbuka ni rahisi: kuchukua urefu wa kioo kutoka pembe moja hadi pembe ya pili, kisha kuuzidisha mara moja na nusu.

Mama wa Mtwapa na wanawe hukaa mita 3 kutoka kwenye runinga. Kwa umbali huo, runinga ya inchi 55 ya 4K haitampa picha kali zaidi ya inchi 55 ya Full HD. Itampa picha kubwa zaidi kuliko ile inchi 32, na hilo ni faida ya kweli, hasa kwa nyanya anayesoma maandishi ya chini kwa shida. Lakini faida hiyo inatokana na ukubwa, na ukubwa uhesabiwe kama ukubwa.

Weusi wa OLED ni jambo jingine. Huonekana hata kwa mbali. Ila huonekana vizuri chumba kikiwa na giza. Katika nyumba nyingi za Pwani, mlango na madirisha huachwa wazi mchana ili upepo uingie, na jua hupiga kwenye kioo. Hapo runinga yenye taa kali humfaa mtazamaji kuliko yenye weusi mzuri.

Kipimo cha pili: kinachoingia kwenye runinga

Runinga ni kama sufuria. Haiwezi kutoa chakula ambacho hakikutiwa. Matangazo ya bure ya Kenya hurushwa kwa mfumo wa DVB-T2, na picha zake kwa kawaida ni za ubora wa kawaida au HD, wala si 4K. Picha hiyo ikiingia kwenye kioo cha 4K, runinga hulazimika kubuni pikseli zilizobaki ili kujaza kioo. Runinga nzuri hubuni vizuri. Ya bei nafuu hubuni ovyo, na kwenye kioo kikubwa dosari hukua pamoja na picha. Ndiyo maana baadhi ya wanunuzi hufika nyumbani, wakawasha taarifa ya habari, wakashangaa kuona sura za watangazaji zimefifia kuliko zilivyokuwa kwenye runinga ndogo.

Picha halisi za 4K hutoka hasa kwenye intaneti. Netflix, kwa mfano, inapendekeza kasi ya megabiti 15 kwa sekunde au zaidi kwa 4K, na 5 kwa Full HD. Kwa upande wa data, 4K inaweza kumaliza hadi gigabaiti 7 kwa saa moja, ilhali Full HD hutumia hadi 3. Filamu ya saa mbili kwa 4K ni gigabaiti 14. Nyumba yenye intaneti ya nyaya isiyo na kikomo cha data haitajali. Nyumba inayotegemea bando za simu itamaliza bando ya wiki kwa jioni moja.

Kuna kosa jingine linalotokea mara kwa mara. Picha ya dijitali inapokatika, kuganda au kugawanyika vipande vya mraba, wengi husema runinga imezeeka. Mara nyingi kasoro hiyo ni ya mawimbi: antena imegeuka, waya umeliwa na kutu au umelegea, mti umekua mbele ya antena. Karibu na bahari, hewa ya chumvi huharibu viungo vya antena mapema. Runinga mpya ikiunganishwa kwenye antena hiyo hiyo itakatika vile vile.

Mama wa Mtwapa hutazama vituo vya bure na mechi za mwisho wa wiki. Hana intaneti ya nyaya. Vituo vyake vinavyokatika jioni vinahitaji fundi wa antena kwanza.

Kipimo cha tatu: umeme

Bei ya runinga hulipwa mara moja. Umeme wake hulipwa kila mwezi. Nyuma ya runinga au kwenye boksi kuna kibandiko chenye idadi ya wati. Hesabu ni hii: wati, mara saa za kutazama kwa siku, mara siku 30, kisha jibu ligawanywe kwa 1,000. Kinachopatikana ni uniti za mwezi.

Runinga ya LED ya inchi 32 inayotumia wati 40 kwa saa 5 kwa siku hula uniti 6 kwa mwezi. Runinga ya 4K ya inchi 55 inayotumia wati 120 kwa saa hizo hizo hula uniti 18. Tofauti ni uniti 12. Uniti ikiwa shilingi 25, hizo ni shilingi 300 kwa mwezi, 3,600 kwa mwaka, na 25,200 kwa miaka saba.

Jambo zito zaidi limejificha kwenye viwango vya bei. Tangu Aprili 2023, mteja wa nyumbani ambaye matumizi yake hayazidi uniti 30 kwa mwezi huwekwa katika kundi la bei nafuu zaidi. Akizidi kiwango hicho kwa wastani wa miezi mitatu, huhamishiwa kundi la juu, na uniti zake hupanda bei. Nyumba ya mama wa Mtwapa hutumia uniti 24. Akiongeza 12, zitakuwa 36. Hapo hatalipia zile 12 za runinga peke yake. Hata taa na chaji ya simu zitamgharimu zaidi kuliko awali.

Kwa wanaotumia sola, kama wakazi wengi wa Ganze na Magarini walio mbali na nyaya za umeme, hesabu ni kali zaidi. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea 100 huhifadhi wati-saa 1,200, lakini haifai kuitumia zaidi ya nusu, la sivyo hufa mapema. Zinabaki 600. Runinga ndogo ya sola ya wati 30 inaweza kwenda saa 20 kwa kiasi hicho. Runinga ya wati 120, pamoja na kile kinachopotea kwenye inveta, haimalizi hata saa 5, na hapo hakuna taa iliyowashwa.

Kipimo cha nne: je, ya zamani imekufa kweli?

Dalili inayowafanya wengi kununua mpya ni runinga inayotoa sauti bila picha, au yenye giza upande mmoja. Kabla ya kuitupa, kuna jaribio la tochi. Runinga huwashwa usiku, taa za chumba huzimwa, kisha kioo hummulikwa kwa tochi kwa karibu. Ikiwa picha inaonekana kwa mbali ndani ya giza, kioo ni kizima. Taa za nyuma ndizo zilizoungua. Taa hizo hubadilishwa na fundi, na gharama yake kwa kawaida ni sehemu ndogo ya bei ya runinga mpya.

Baada ya matengenezo, mwenye runinga apunguze mwanga wa kioo kwenye mpangilio. Taa zinazowaka kwa nguvu yote kila siku huungua haraka. Kifaa cha kulinda umeme, ambacho wengi hukiita TV guard, nacho ni muhimu mahali ambapo umeme hupotea na kurudi kwa kishindo.

Kioo chenyewe kikipasuka, habari ni nyingine. Bei ya kioo hukaribia bei ya runinga nzima, na kutengeneza hakuna faida.

Runinga isiyo ya kisasa lakini yenye tundu la HDMI inaweza pia kuongezewa kijiti cha kuunganisha intaneti. Kifaa hicho hufanya kazi nyingi za runinga janja, na kikipitwa na wakati hubadilishwa peke yake bila kugusa runinga. Tahadhari moja: hakuna anayepaswa kufungua mgongo wa runinga asipokuwa fundi. Ndani mna sehemu zinazohifadhi umeme mkali hata baada ya waya kuchomolewa.

Hesabu ya mwenye mkahawa

Uamuzi wa nyumbani si uamuzi wa biashara. Mwenye mkahawa wa Malindi anayeonyesha mpira huangalia mambo mengine. Wateja wake hukaa mbali na kwa wingi, kwa hiyo ukubwa wa kioo unamletea pesa. Kenya, Uganda na Tanzania zilichaguliwa mwaka 2023 kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na wengi wenye biashara kama yake wanajiandaa.

Kwake OLED inaweza kuwa hasara. Runinga za aina hiyo zikionyesha kitu kisichosogea kwa saa nyingi kila siku, kama nembo ya kituo au ubao wa mabao pembeni, alama yake inaweza kubaki kwenye kioo daima. Mkahawa unaowasha kituo kimoja saa 12 kwa siku ndio mahali pa hatari hiyo. LED kubwa yenye mwanga mkali humfaa zaidi, na bei yake ni ya chini.

Naye pia afanye hesabu ya umeme: wati 120 kwa saa 12 ni uniti 43 kwa mwezi. Na akumbuke kwamba malipo ya king'amuzi cha nyumbani si ruhusa ya kuonyesha wateja. Biashara huwa na mpango wake wa malipo.

Wakati ambapo kununua ni sawa

Somo hili halimkatazi mtu kununua. Runinga mpya ina maana pale kioo cha zamani kilipovunjika. Pale familia inapokaa karibu na kioo kikubwa na ina intaneti ya kasi inayolipiwa tayari. Pale mwenye macho dhaifu anahitaji picha kubwa. Au pale mchezaji gemu ana mashine inayohitaji 120Hz. Ina maana pia kwa mwenye runinga kongwe ya mgongo mkubwa ambayo hula umeme mwingi kuliko LED ndogo ya leo. Na aliye na pesa ya ziada, asiye na ada wala deni, ana haki ya kufurahia jasho lake.

Jambo la kuogopa ni mkopo wa runinga. Mfano: runinga ya shilingi 49,000 inatolewa kwa malipo ya awali ya 9,000, kisha shilingi 150 kila siku kwa mwaka mzima. Shilingi 150 husikika kama bei ya chakula kidogo. Kwa siku 365 ni shilingi 54,750, na pamoja na malipo ya awali zinakuwa 63,750. Ziada ya 14,750 ni bei ya kutosubiri.

Mbele ya kaunta

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mnunuzi aliyeamua afanye haya kabla ya kulipa:

- Aombe runinga itolewe kwenye mpangilio wa dukani, ambao huwasha taa na rangi kupita kiasi, na iwekwe mpangilio wa nyumbani.
- Aombe kuona kituo cha kawaida cha habari, si ile video ya maua.
- Aombe kioo kiwe cheupe chote, kisha cheusi chote, ili aone nukta zilizokufa na madoa ya mwanga.
- Athibitishe kwamba runinga ina DVB-T2 ndani, ikiwa hataki kutumia king'amuzi kwa vituo vya bure. Runinga za mitumba kutoka Marekani au Japani hutumia mifumo tofauti ya matangazo, na baadhi zimetengenezewa umeme wa volti 100 au 120. Umeme wa Kenya ni volti 240. Runinga ya namna hiyo ikichomekwa bila kifaa cha kupunguza umeme inaweza kuungua palepale.
- Aangalie alama ya ubora ya KEBS, au kibandiko cha bidhaa za kuagizwa.
- Achukue risiti yenye namba ya runinga, na waranti iliyoandikwa muda na masharti yake.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili kunufaika na bidhaa hiyo, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na bidhaa mbovu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inaongeza ulinzi huo. Haki hizo ni ngumu kudaiwa bila risiti.

Nyumbani, runinga nyembamba isiwekwe juu ya meza inayoyumba. Mtoto akiivuta humwangukia. Ifungwe ukutani, au iwekwe kwenye meza pana na nzito.

Ya zamani iende wapi?

Runinga inayofanya kazi bado ina thamani kwa jirani, kwa shule ya chekechea au kwa fundi anayehitaji vipuri. Iliyokufa kabisa isitupwe jaani wala kuchomwa. Kioo cha runinga za mgongo mkubwa kina madini ya risasi, na taa za LCD za mwanzo zina zebaki. Sumu hizo zikiingia ardhini hufika kwenye visima, na moshi wa nyaya zinazochomwa ili kutoa shaba huumiza mapafu ya watoto wanaocheza karibu. Taka za elektroniki zipelekwe kwa wakusanyaji wenye leseni ya NEMA. Asiyewajua aulize ofisi ya mazingira ya kaunti.

Mama wa Mtwapa aliamuaje?

Majibu ya vipimo vyake yanasoma hivi. Kiti kiko mita 3, kwa hiyo 4K haitaonekana. Vituo anavyotazama si vya 4K. Umeme ungemtoa kwenye kundi la bei nafuu. Jaribio la tochi limeonyesha kwamba kioo ni kizima.

Katika mfano huu, fundi anabadilisha taa za nyuma kwa shilingi 4,500. Antena mpya na waya wake ni shilingi 2,500. Jumla ni 7,000, na mkononi zinabaki 45,000. Vituo havikatiki tena, na mtoto ataripoti shuleni Januari akiwa na sanduku, godoro na ada ya muhula. Siku ambayo kioo cha inchi 32 kitakufa kweli, mama atarudi dukani akijua la kuuliza, na huenda bei zitakuwa zimeshuka.

Mwingine mwenye kiti cha karibu, intaneti ya kasi na mfuko usio na deni atafanya vipimo hivyo hivyo na kupata jibu tofauti. Naye atakuwa sahihi.

Zoezi la nyumbani

Kabla ya mwisho wa wiki, kila kaya inayofikiria kununua runinga ijibu maswali haya kwenye karatasi, watu wote wa nyumbani wakiwepo:

1. Kiti kiko mita ngapi kutoka kwenye kioo?
2. Kati ya vipindi vitano vinavyotazamwa zaidi, vingapi hupatikana kwa 4K?
3. Uniti za umeme za miezi mitatu iliyopita ni ngapi kwa wastani, na runinga mpya itaongeza ngapi?
4. Ya zamani ina kasoro gani hasa, na fundi amesema nini?
5. Pesa hizo zisipokwenda kwenye runinga, zitakwenda wapi?

Swali la tano lijibiwe mwisho, na lijibiwe kwa sauti. Usiache mbachao kwa msala upitao.